Viwanja Viwili vya Misungwi

Mimi si mtu wa hasira. Wanaosema nina hasira ni waongo, na nikikutana nao watanitambua. Lakini siku ile Misungwi nilikasirika, na nitaeleza kwa nini, halafu mtu mwenye akili zake aniambie kama yeye angecheka.

Naitwa Okech, kwetu Shirati. Mwaka tisini na nane nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja kipya cha binafsi kule Mkolani, na nilikuwa nahodha wa timu ya mpira ya wanaume. Maishani nilikuwa nataka kitu kimoja: kucheza msimu wa ligi. Nasema msimu wa kweli, wenye ratiba ubaoni, refa mwenye filimbi na washika vibendera wa kugombana nao. Sekondari, mwaka nilioingia timu ya shule, wanafunzi waligomea maharage tukarudishwa wote nyumbani. Kidato cha tano, mkuu wa shule aliugeuza uwanja kuwa shamba la mahindi, na mahindi yenyewe hatukuyaonja. Nilipofika Mkolani nikakuta hakuna uwanja, kuna mawe. Tukayang'oa kwa mtaimbo, tukafukia mashimo, tukasimamisha magoli. Sasa ligi ya vyuo vya Kanda ya Ziwa ilikuwa inaanza mwezi wa tisa. Nikiukosa msimu ule, ningezeeka bila kupulizwa filimbi hata siku moja, na jambo hilo lilikuwa linaniuma, sifichi.

Kikwazo kilikuwa mkuu wa chuo, Dokta Chenge. Alisomea uchumi Ulaya, akarudi wakati ule ule nchi nzima inauza viwanda vyake, akafurahi kama mtu aliyekuta harusi imeanza. Kila shida alikuwa na jibu moja: soko. Ukimlalamikia kwamba bombani hakuna maji, anakuambia soko litaamua. Ukimwambia ugali wa bwalo ni mbichi, soko. Siku moja akaniita ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Okech, ule uwanja unazalisha nini?"

"Afya, Mkuu."

"Afya inauzwa wapi?"

Nikatazama dirishani, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lingenifukuzisha chuo. Akanieleza kwamba kuna mfanyabiashara wa Buzuruga anatafuta mahali pa kulaza malori yake ya samaki, na uwanja wetu umempendeza sana, hasa kwa kuwa hauna mawe.

"Tumeyatoa sisi, Mkuu!"

"Na chuo kinawashukuru. Sasa sikiliza. Mimi simwonei mtu. Timu inayoshinda ina soko, isiyoshinda haina. Shindeni mechi moja tu, dhidi ya yeyote, popote. Lakini sitaki habari za marefa, marefa wananunuliwa. Mwenyeji wenu mwenyewe asimame mbele ya watu akiri kwamba mmemshinda, nami nisikie kwa masikio yangu. Hapo mtaingia ligi. La sivyo, malori yanaingia Jumatatu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa kocha wetu, Mzee Mhoja. Kazi yake ya mshahara ilikuwa stoo ya chuo. Ukocha alipewa kwa sababu kwenye mkutano mmoja mtu aliuliza nani ana uzoefu wa kuongoza vijana, na yeye akanyoosha mkono. Uzoefu anao, nisimsingizie. Ujana wake wote aliongoza vijana wa ngoma. Usukumani vyama vikubwa vya ngoma ni viwili, Wagalu na Wagika, na Mzee Mhoja alikuwa Mgalu wa damu. Mimi Mjaluo, mambo hayo niliyasikia yakapita.

"Usiwe na shaka," aliniambia Mzee Mhoja. "Kesho nakwenda Misungwi kwa Shimba. Ndiye mwenyekiti wa timu yao. Mimi na Shimba tumeshindana tangu hatujaota ndevu."

Akaenda, akarudi anacheka.

"Tumekubaliana. Jumamosi. Uwanja, muda, namna ya kumpata mshindi, kila kitu."

"Na refa, Kocha?"

"Refa wa nini?"

"Kocha, mechi bila refa?"

"Shimba ni mtu mwaminifu. Huyo Mgika ana kasoro nyingi lakini si mwongo. Sasa, vijana, nataka mazoezi ya kuingia uwanjani."

Siku zilizobaki hatukugusa mpira ila kwa bahati mbaya. Tulifundishwa kuingia: kwa mstari, kwa wimbo, kwa kutingisha mabega. Nilipouliza lini tutafanya mazoezi ya kona, Kocha alinitazama kwa huruma. Nestory, golikipa wetu, ni Msukuma, nikamvuta pembeni nikamuuliza kama mzee ana akili timamu. "Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi nimezaliwa Kirumba, bwana. Ngoma naziona kwenye sherehe za serikali."

Jumamosi tukapanda lori la chuo. Mkuu alisema atatufuata baadaye kwa gari lake. Pamba ilikuwa imeshauzwa, mpunga uko ghalani, na Misungwi nzima ilikuwa imetoka nje kutafuta cha kutazama. Watu walikuwa wengi mpaka dereva alishindwa kupita. Moyo wangu ukafurahi. Kisha nikaruka chini, nikaona magoli manne.

Nilihesabu tena, kwa sababu na mimi nilikuwa nimekula vumbi. Yalikuwa manne. Viwanja vilikuwa viwili, vimechorwa kwa majivu vizuri kabisa, sambamba, katikati pameachwa nafasi ya watazamaji.

"Kocha, kiwanja cha pili cha nini?"

"Kile chenu, hiki chao."

"Sasa tunacheza na nani?"

"Mnacheza."

"Na nani, Kocha?"

Hapo ndipo aliponieleza, taratibu, akishangaa kwamba nimefika chuo kikuu bila kuambiwa. Wagalu na Wagika wakishindana hawapokezani zamu. Wanacheza wote kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma yake, na watu wanakwenda wanakopenda. Pembe ikilia, upande wenye watu wengi ndio mshindi. Yeye na Shimba hawajawahi kushindana kwa njia nyingine, na haikuwapitia akilini kwamba iko nyingine.

"Kocha, mpira ni watu wa huku kugombana na watu wa kule!"

"Basi gawanyikeni mgombane."

"Na watu wenyewe ni wa Misungwi! Watakwenda upande wetu kwa nini?"

"Mtu wa ngoma hana kwao, mwanangu. Anakwenda penye utamu. Refa mmoja unaweza kumnunua. Misungwi nzima utainunua na nini?"

Nilitupa kitambaa cha unahodha chini. Nikakikanyaga. Nikakiokota, kwa sababu nilikuwa nimekishona mwenyewe. Mzee Shimba akaja kutusalimu, mrefu, kofia mkononi, tukampa shikamoo zetu. "Malahaba, kalibuni sana," akasema kwa upole wote. "Leo mtaona mpila." Niliangalia barabara ya Mwanza nikamwomba Mungu gari la Mkuu lipate pancha.

Tukagawanyika. Tulikuwa kumi na sita, kwa hiyo nane kwa nane, jezi upande mmoja na vifua wazi upande mwingine. Tukaingia kwa mstari, kwa wimbo, kwa mabega. Nasema kweli, tuliingia vizuri, na watu walitupigia vigelegele. Kisha Misungwi wakaingia.

Hao walikuwa na nungunungu wawili hai kwenye kamba. Walikuwa na manju wao, mtunzi wa nyimbo, aliyepanda juu ya pipa akaanza kuimba kasoro za kila mtu aliyepo. Na walikuwa na winga mmoja anaitwa Maige, ambaye aliuweka mpira kichwani akakimbia nao kutoka goli hadi goli bila kuugusa kwa mkono. Alipofika mwisho akageuka akarudi nao. Watu walihama kwetu wakaenda kwao wote, na vumbi lilipotulia tulibaki na watazamaji wawili. Mmoja alikuwa mama aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha. Wa pili alikuwa ng'ombe.

Mama mwenyewe, Mama Dorotea, alikaa kwa sababu sufuria lake lilikuwa zito. Lakini alitupa ushauri.

"Wanangu, mnacheza kama watu wanaokwenda kazini! Mmoja aanguke basi!"

Nestory akaacha goli akapiga sarakasi tatu. Watoto watano wakaja. Kule Maige akapiga mpira kwa kisigino ukapita juu ya pipa la manju, na wale watoto wakaondoka. Tulifungana goli moja kwa moja na hakuna aliyejua ila sisi. Jua lilikuwa linateremka, pembe ya Shimba ilikuwa mapajani kwake, na mimi nilikuwa naona malori ya samaki yakipanga mstari palipokuwa na goli langu.

Hapo gari la Mkuu likaingia.

Dokta Chenge alishuka akiwa na suti ya kijivu na tai nyekundu. Aliwatazama watu elfu na ushee waliokuwa wametupa mgongo. Akatazama kiwanja chetu, akamtazama ng'ombe. Nikamkimbilia.

"Okech, ni ngapi ngapi?"

"Moja moja, Mkuu."

"La kwetu kafunga nani?"

"Mimi."

"Na la kwao?"

"Victor."

"Victor si wa kwetu?"

"Wote ni wa kwetu, Mkuu."

"Kama wote ni wa kwetu, tumefungwaje?"

Nikajaribu kueleza. Nilipofika kwenye Wagalu na Wagika alikuwa ameshafumba macho. Wakati huo huo, nyuma yangu, Victor, mshambuliaji wa vifua wazi, alimsikiliza Mama Dorotea hatimaye, akaanguka kwenye eneo la hatari akipiga yowe. Nikasahau Mkuu yupo. Nikaenda kumwambia Victor ainuke, kwamba hakuna aliyemgusa, kwamba hata kwao Ukerewe watu huanguka kwa sababu. Akaniambia ni penalti. Nikamwambia penalti ya mama mkwe wake. Tukashikana. Mkuu akaingia kati yetu na tai yake.

"Mnagombania nini, wendawazimu nyie, na wote ni timu moja? Ni penalti! Ipigwe tumalize aibu hii!"

Victor akapiga. Mpira ukapaa ukaenda kwa ng'ombe.

Nadhani ndicho kilichomtoa Mkuu kwenye reli. Kuchezea pembeni, bila watazamaji, dhidi yetu wenyewe, hayo yote aliyavumilia. Kukosa penalti hakuweza. "Hata hiyo?" akasema. "Hata hiyo mmeshindwa? Lete mpira hapa. Mimi nilikuwa winga wa kushoto nyinyi hamjazaliwa!" Akavua koti akampa Mama Dorotea. Akarudi nyuma hatua nyingi kupita kiasi, akaja mbio, akapiga.

Nestory akadaka. Hakukusudia, maskini. Mpira ulimfuata mikononi.

Kisha Mama Dorotea akacheka, kicheko cha mtu mwenye mapafu ya kunadi mihogo, na akageukia kule waliko watu. "Enyi! Njooni muone! Baba wa tai kadakwa na mtoto!"

Vichwa vikageuka. Si vingi, ila vya pembeni viligeuka.

"Ilikuwa ya majaribio," akasema Mkuu, uso umeiva. "Rudisha."

Ya pili aliteleza, mpira ukabaki palepale na kiatu kikaenda golini. Nestory akakidaka kiatu. Nilisikia vishindo vya watu ng'ambo na nikageuka: walikuwa wanakuja, kwanza wanatembea, kisha wanakimbia, akina mama wameshika vitenge vyao visidondoke. Mkuu akavua na kiatu cha pili. Akabaki na soksi, moja imetoboka kidoleni.

Nestory akaniita kwa jicho. Nikasogea kwenye mwamba wa goli.

"Nahodha, nimwachie?"

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri kwenye mtihani wowote. Akifunga, atavaa koti lake na heshima yake, kiroja kitakuwa kimekwisha, watu watarudi kwa Maige na pembe itawakuta huko. Akiendelea kukosa, watu watabaki, lakini nitakuwa nimemdhalilisha hadharani mtu aliyeshika msimu wangu mkononi. Niliogopa. Ndiyo, mimi ambaye sijawahi kuogopa mshambuliaji.

"Daka," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote. Ukimwachia hata moja nakuvunja mguu."

Akadaka ya tatu kwa mikono, ya nne kwa tumbo. Ya tano ilikwenda nje yenyewe, na watu wakaidai irudiwe, wakisema upepo ulikuwa mkali. Mkuu alikuwa ameshasahau sisi ni nani na yeye ni nani. Tai ilikuwa mgongoni, shati limetoka nje, na anamwambia Nestory asogee kushoto kwa sababu anamziba. Mzee mmoja alimshauri apige kwa kidole kikubwa. Mwingine alimletea maji. Manju wa Misungwi aliruka kutoka kwenye pipa lake akaja nalo, akalisimamisha nyuma ya goli letu na kumtungia Mkuu wimbo papo hapo, na umati ukaupokea: Baba wa tai, piga tena, nyumbani mkeo anangoja habari. Nilimtafuta Maige kwa macho. Alikuwa mstari wa mbele kabisa, mpira bado uko kichwani, mdomo wazi.

Mkuu alikuwa anajiandaa kupiga ya tisa au ya kumi pembe ilipolia.

Kiwanja cha pili kilikuwa kitupu. Walikuwepo nungunungu wawili tu, na mmoja alikuwa amelala. Mzee Shimba aliitazama hali hiyo kwa muda. Halafu akaja polepole katikati ya watu, akavua kofia, na watu wakanyamaza.

"Mimi Shimba," akasema, "nimeshindana na Mhoja tangu ujana. Leo Misungwi imeshindwa. Imeshindwa kweli kweli, na aliyetushinda ni huyu." Akamshika Dokta Chenge mkono wa kulia akauinua juu. "Baba, sijawahi kuona ngoma kama yako."

Watu walipiga kelele ambazo nina hakika zilifika Usagara. Mzee Mhoja alikuwa anacheza peke yake kwa mabega, machozi yanamtoka. Mkuu alisimama na soksi zake, mkono juu, akipepesa macho. Nadhani katika maisha yake yote ya uchumi hakuna aliyewahi kumshangilia. Akina mama walimgusa shati. Mtu alimpa kuku.

Iliwachukua watu muda kutawanyika. Mkuu alikaa kwenye benchi la Mama Dorotea kuvaa viatu, kuku kwapani, nami nikasimama mbele yake kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia.

"Okech. Yule golikipa angeweza kuniachia moja."

"Angeweza, Mkuu."

"Kwa nini hakuniachia?"

"Nilimkataza."

Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Nilikuwa tayari kusikia habari za malori. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba Shirati pia kuna ardhi tambarare, mtu anaweza kuzeeka huko kwa amani.

"Uliwaona wale watu?" akauliza. "Wote walikuja upande huu."

"Niliwaona."

"Wote, Okech. Hakuna aliyebaki kule."

"Hakuna, Mkuu."

"Mwenyeji kakiri. Nilisema akikiri mnaingia ligi, basi mnaingia ligi." Akasimama, akanyoosha tai, akaiona ilivyochafuka, akaiacha. "Mwambie yule golikipa Jumatatu saa kumi awe golini. Nataka kumalizana naye."

Akaenda kwenye gari lake na kuku wake. Mimi nilibaki nimesimama kwenye mstari wa majivu. Nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto, nahodha mzima, mabega yanaruka. Nilikuwa na msimu. Nilikuwa na ratiba na refa na washika vibendera, na sikuona haya hata kidogo.

Mama Dorotea alikuwa anajitwika sufuria lake. Alinitazama, akatazama kiwanja kilichokuwa kitupu, akasonya.

"Sasa ndiyo unalia?" akasema. "Watu wote wameshaondoka!"